Baraka Mia Sita Bila Jina la Wakonyo

Stesheni ya Ruiru,
Tarehe 14 Septemba, 1958

Mpendwa Mama Warigia, mshauri wetu wa gazetini, naomba msaada, na naomba uharakishe kidogo, kwa sababu mwezi huu ukiisha mke wangu anaingia kazi ya mananasi kule Thika, na akishaingia hatatoka, namjua, na mimi hapa Ruiru nimebaki na shati moja tu lenye kola safi na hilo ndilo nimevaa nikikuandikia.

Mimi ni karani wa tiketi, mtu wa miaka thelathini na minne, sinywi pombe, sivuti sigara, sijampiga mke wangu tangu tuoane, na haya nayasema mapema usije ukanidhania mtu wa ovyo, maana wengi wanaokuandikia, nimeona, ni watu wa ovyo. Mke wangu anaitwa Wakonyo, binti ya mzee Kagwe wa Thika, yule anayefanya kazi kiwanda cha ngozi, na tuna mtoto mmoja, Mumbi, wa miaka mitatu. Tunakaa nyumba za reli, chumba kimoja na jiko, na tulikuwa tunakaa vizuri mpaka habari ya baraka ilipoingia.

Iliingia hivi. Mwezi wa kwanza mwaka huu mwinjilisti wetu, mwalimu Waweru, aliniambia mbele ya watu kwamba mimi nanung'unika mno, kwamba nikiingia kanisani nalalamikia benchi na nikitoka nalalamikia jua, na ni kweli, mama, nilikuwa hivyo, hata treni ikija kwa saa yake nilikuwa nalalamika, kwa maana ikija kwa saa yake watu wote wanajaa dirishani mara moja. Akasema, "Zacharia, nunua daftari. Kila jioni andika baraka tatu ulizopata siku hiyo. Mtu anayeandika baraka hana nafasi ya kunung'unika." Nikanunua daftari ya kurasa themanini dukani kwa Mhindi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu tangu shule nikaanza jioni ile ile, na penseli ya zambarau ya stesheni, ile ukiilowesha kwa ulimi haifutiki tena.

Na kweli ilinisaidia, sisemi uongo. Wiki ya kwanza nilinyamaza mpaka stesheni masta akauliza kama naumwa.

Sasa kanisani kwetu kuna desturi, Jumapili baada ya ibada ndugu wanakaa duara, na kila mmoja anasimama kutoa ushuhuda, anasema Mungu amemtendea nini wiki hiyo, hakuna kuficha. Zamani mimi nilikuwa nakaa karibu na mlango. Jumapili hiyo nikasimama na daftari, nikasoma baraka ishirini na moja bila kupumzika, watu wakaitika amina kila baraka, mama mmoja akalia, na mimi nikasikia kitu kifuani ambacho sijakisikia tangu siku niliyopewa kofia ya reli. Wakaniomba nisome tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Kufika mwezi wa nne naitwa Juja, naitwa Gatundu, wananiita Zacharia wa Baraka, na watu wazima wananunua madaftari. Kuna mzee mmoja wa Githunguri alijaribu kushindana na mimi, akawa anaandika tano kwa siku, lakini zake zilikuwa za mbuzi tu, watu wakachoka.

Nikupe mfano ujionee mwenyewe, nisionekane najisifu. Tarehe kumi na mbili Februari niliandika: "Shati langu limeng'aa hata stesheni masta ameuliza ni sabuni gani. Chai imekuja ikiwa moto. Mvua imenikuta ndani." Tarehe tatu Machi: "Nimekula kuku. Pipa la maji limejaa. Miguu yangu haiumi." Tarehe ishirini na sita Mei: "Homa yangu imeondoka kwa siku tatu tu, uji ulikuwa unakuja kila saa. Baiskeli haijapata pancha. Mtoto wa jirani analia sana, wetu halii." Hizo ni baraka za kweli, mama, sikutunga hata moja.

Wakonyo alikuwa hajui kusoma. Kwao walipeleka shule wavulana. Mwezi huo huo wa kwanza aliniomba aende darasa la akina mama linalofundishwa na Wilkister, mke wa mtu wa signali, jirani yetu, alasiri tatu kwa wiki, na mimi nikamruhusu, mradi chai isichelewe, na haikuchelewa. Sikumuuliza wamefika wapi, nilidhani akina mama wakikutana wanasoma kidogo na kuongea sana. Kumbe walikuwa wanasoma. Mwezi wa nane walimaliza kitabu cha kwanza, na Wilkister akawaambia kila mmoja atafute nyumbani kwake kitu cha kujisomea, barua au gazeti, chochote. Gazeti mimi nasomea stesheni, na Biblia nakaa nayo huko huko. Nyumbani kulikuwa na daftari ya baraka peke yake. Akaichukua, akaisoma kwa kidole alasiri tatu, herufi kwa herufi, na kumbe alikuwa anatafuta neno moja, lile alilolijua kuliko yote kwa sababu ndilo la kwanza walilofundishwa kuandika, yaani jina lake.

Halimo. Naungama, mama. Nimelitafuta mwenyewe baadaye, baraka mia sita na zaidi, halimo. Baiskeli imo mara arobaini na moja. Kuku yumo mara tisa. Stesheni masta yumo, paka wa stesheni yumo. Neno mke limo mara moja, tarehe saba Juni, na natamani lisingekuwamo, kwa sababu limekaa hivi: "Mke amekwenda kumwona shangazi yake, nimesoma kwa utulivu."

Siku ya Jumatano, tarehe ishirini na saba mwezi uliopita, nilirudi nyumbani saa kumi na moja nikakuta jiko limepoa na mezani kuna karatasi, herufi kubwa kama za mtoto. Imeandikwa: "Baraka za leo. Moja, nimejua kusoma. Mbili, nimesoma. Tatu, baba yangu yuko hai na treni ya Thika ni saa nne." Nikakimbia stesheni kuuliza kama kuna mtu amemwona akipanda, na yule mtu wa signali akanitazama sana, akaniambia, "Zacharia, si alikata tiketi kwako?"

Alikata tiketi kwangu. Alisimama dirishani, mtoto amelala mgongoni, akasema Thika, daraja la tatu, kwenda tu, na mimi nikachukua pesa, nikagonga tarehe, nikasukuma tiketi, sikuinua kichwa, kwa kuwa siku hiyo nilikwenda na daftari kazini, ilikuwa magotini, na nilikuwa nimeanza baraka ya siku hiyo mapema ili jioni nipate nafasi ya kuipanga vizuri. Baraka yenyewe iko, nimeiona: "Leo nimeuza tiketi kumi na saba bila kukosea." Na kibali cha kusafiri alikuwa amekichukua kwa chifu tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo haikuwa hasira ya siku moja, ulikuwa mpango.

Usidhani nilikaa bure. Siku tatu nilikaa na ile daftari nikairekebisha, ukurasa kwa ukurasa, penye nafasi kati ya mistari nikaingiza jina lake. "Chai imekuja ikiwa moto, ni Wakonyo." "Pipa la maji limejaa, mkono wa Wakonyo." Nilimwingiza mara hamsini na tatu mpaka vidole vikakakamaa, na kwa bahati mbaya penseli ya zambarau ilikuwa imekwisha na stesheni masta hajaleta nyingine, nikatumia wino wa buluu. Jumapili nikapanda treni peke yangu mpaka Thika. Nilimkuta mzee Kagwe amekaa nje na wazee wawili. Akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja na ushahidi. Nikasimama pale uani nikasoma, kwa sauti ile ile ya kanisani, na kila baraka nikinyamaza kidogo ili waitike, na hawakuitika. Wakonyo akatoka jikoni akijifuta mikono, akaniomba daftari kwa adabu, akaisogeza kwenye mwanga, akafungua huku na huku. Kisha akaniuliza, "Baba Mumbi, mbona baraka zote ni za zambarau na mimi peke yangu ni wa buluu?"

Wale wazee kusoma hawajui, lakini rangi wanazijua. Mzee Kagwe alicheka mpaka akajishika ubavu, halafu akaacha kucheka, akasema, "Mwanangu, mtu akija kwa muthoni wake, baba mkwe, kumtaka mke aliyerudi kwao, huja na watu. Hii daftari haina mdomo wa kuomba radhi." Nikataka kumjibu, lakini Wakonyo akanitangulia. Akasema, "Jumanne, kabla sijaondoka, ulikula nini?" Nikafurahi, kwa sababu hilo nilikuwa nalikumbuka, nikasema viazi na maharagwe, na vilikuwa vitamu. Akasema, "Nani alivipika?" Nikasema wewe. Akasema, "Mimi Jumanne nilikuwa nimelala na homa. Alipika Wilkister akaleta na sahani yake. Uliila hiyo sahani, ukanipita kitandani, ukakaa kuandika."

Mama Warigia, mimi nilidhani amelala tu.

Basi akaweka sharti. Amesema nikirudi na mambo matatu ninayoyajua juu yake, yasiyotoka katika daftari, tutazungumza. Nisiporudi kabla ya mwezi huu wa tisa kuisha, tarehe moja Oktoba anaingia kiwanda cha mananasi, anapanga chumba, na Mumbi atalelewa huko Thika. Tangu siku hiyo nakaa nikifikiri na nimepata moja tu, kwamba yeye ni mrefu.

Swali langu ni hili. Wewe ni mwanamke, na kuandika ni kazi yako. Naomba unitungie mambo matatu mazuri ya mke, yawe na uzito lakini yasizidi mistari miwili kila moja, niyashike kichwani. Moja likiwa la kuchekesha kidogo mzee Kagwe atapenda. Pia nijulishe kama ni vizuri niendelee na usomaji wakati huu wa majaribu, kwa sababu Jumapili mbili zijazo nimealikwa Kiambu, na wameshatangaza.

Ni mimi mwenye shukrani nyingi,
Zacharia, karani wa tiketi.


MAMA WARIGIA ANAJIBU

Zacharia, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kama mkwe wako. Mara ya pili nilipofika pale kwenye dirisha la tiketi sikucheka tena, na sasa nina hasira na wewe, kwa hiyo kaa chini.

Nianze na haki yako, usiseme nimekuonea. Kuandika baraka si jambo baya. Miaka hii ya Hali ya Hatari tuliyoipitia, ya vibali na vijiji vya kuhamishiwa, mtu anayepata vitu vitatu vya kushukuru kwa siku moja namvulia kitambaa. Namjua mama mmoja aliyepoteza nyumba na ng'ombe, na kila jioni anataja alichobakiwa nacho, na ndiyo maana bado anaamka asubuhi. Mwalimu Waweru alikupa dawa nzuri. Shida ni kwamba ulikunywa chupa nzima halafu ukaanza kuiuza.

Sasa nikuulize wewe karani. Lile pipa lilijaa lenyewe? Maji ya mto Ruiru yana miguu ya kupanda mpaka nyumba za reli? Yule kuku wa tarehe tatu Machi alijichinja, akajinyonyoa, akajitia chumvi, akajilaza sahanini akakungoja? Uji wa kila saa ulikuwa unatoka wapi, mbinguni? Unasema Mumbi halii kama mtoto wa jirani. Mtoto wa miaka mitatu asiyelia ana mtu anayeamka kabla hajalia, na mtu huyo si baiskeli. Mungu amekupa baraka mia sita, na mia tano kati ya hizo alizipitisha katika mikono ya mtu mmoja, na wewe ukapokea mzigo bila kumtazama aliyeubeba. Sijui unadhani Mungu anaipokeaje shukrani ya namna hiyo. Mimi ningekurudishia.

Na tafadhali, hiyo ya kutokunywa na kutopiga, usinianzie nayo barua. Kutompiga mke wako ndiyo hali ya kawaida ya mtu aliyelelewa. Haidai medali.

Tuje kwenye dirisha. Mke wako wa miaka yote hiyo alisimama mbele yako umbali wa mkono mmoja, akasema maneno sita kwa sauti unayoisikia kila asubuhi, na hukuijua. Nadhani Wakonyo alikuwa anakupa nafasi, Zacharia. Angeweza kupanda lori la mkaa barabarani na usingejua mpaka jioni. Alikuja kwenye dirisha lako makusudi, akangoja uinue kichwa. Ungeinua kichwa tu, ukasema "Unakwenda wapi?", leo usingekuwa unafua kola kwenye beseni. Ulikuwa unaandika jinsi unavyofanya kazi bila kukosea.

Jumanne ndiyo imeniumiza zaidi. Wewe ulipougua mwezi wa tano uliandika ukurasa. Yeye alipougua ulikula viazi. Siongezi neno hapo, wewe mwenyewe unajua.

Juu ya wino wa buluu, nashangaa. Karani mzima wa reli. Mtu akikuletea tiketi iliyoongezwa maneno kwa wino mwingine unamwita askari, halafu unampelekea mkweo daftari kama hilo ukitaka waitike amina. Na hapo nawasema na ninyi ndugu wa Ruiru, Juja na Gatundu, na wewe mwalimu Waweru ukisoma hapa. Miezi saba mtu anawasomea habari za kuku, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Ndugu, nani alimnyonyoa?" Mlikuwa na wake zenu nyumbani na mlijua jibu, na mkaona afadhali kuitika.

Ombi lako la kutungiwa mambo matatu nimelikataa. Mimi Wakonyo simjui. Ningeweza kukuandikia mambo thelathini ya mume wangu, mabaya ishirini na mazuri kumi, kwa sababu yule ninamwona. Wewe umekaa na mkeo chumba kimoja na jiko, hakuna mahali pa kujificha humo, na umepata kwamba ni mrefu. Unataka nilichomeke tena jina lake kama ule wino wa buluu, safari hii kwa mistari miwili miwili na kichekesho cha kumfurahisha mzee. Haiwezekani.

Utafanya hivi. Kiambu hutaenda. Waambie umepata udhuru, waimbe nyimbo, hawatakufa. Daftari mpe stesheni masta akufungie kabatini mpaka utakapokuwa na akili. Kisha omba ruhusa ya wiki moja, kuanzia Jumatatu ijayo, na wiki hiyo ufanye kazi zake zote kwa mikono yako, ukianza saa aliyokuwa anaanza yeye. Kama hujui ni saa ngapi, muulize jirani, maana majirani wanajua. Nenda mtoni na mtungi. Usitumie baiskeli, yeye hakuwa anaitumia. Tafuta kuni. Washa jiko la mkaa, upashe pasi, upige kola moja mpaka ing'ae kama ya tarehe kumi na mbili Februari, na ukiunguza shati uvae hivyo hivyo. Pika maharagwe, na ukumbuke kuyaloweka. Watu watakutazama pale mtoni na njiani na watacheka. Waache wacheke, ndio watakaokufundisha, kwa sababu mwanamke akimwona mwanamume anabeba mtungi vibaya hawezi kunyamaza, atakuambia Wakonyo alikuwa anaubebaje, alikuwa anapumzika wapi, alikuwa anaimba nini akifika kwenye mlima. Sikiliza, na usiandike.

Siku ya pili ya wiki hiyo uende kwa Wilkister na sahani yake, maana naamini bado iko kwako na haijaoshwa. Ioshe. Mshukuru kwa viazi, mshukuru kwa darasa, halafu umuulize homa ya Jumanne ile ilikuwaje. Atakachokuambia kitakuchoma. Vumilia, na usijitetee.

Jumamosi tarehe ishirini na saba nenda Thika. Uende na wazee wawili wa ukoo wako na shangazi yako mmoja mwenye busara, na mchukue kile wazee watakachosema kichukuliwe, wao wanajua desturi. Ukifika usisimame katikati ya uani kama mhubiri. Kaa pale utakapoonyeshwa, ungoje mpaka uulizwe. Ukiulizwa, zungumza na Wakonyo, si na baba yake, na sema kwa mdomo wako yale uliyoyaona wiki hiyo, hata kama yatatoka vibaya na bila mpangilio. Anza na homa. Mwambie ulimpita kitandani. Hilo peke yake likitoka bila kujitetea, nadhani yaliyobaki yatafuata.

Na akisema bado anaitaka kazi ya mananasi, usimbishie. Treni inakwenda Thika na inarudi, wewe unajua saa zake kuliko mtu yeyote. Mwanamke aliyejifunza kusoma kwa miezi saba, na chai haikuchelewa, kiwanda kikimpata ni bahati ya kiwanda. Swali ni kama jioni atashukia Ruiru au hatashukia, na hilo liko mikononi mwako.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo kwa kazi yangu sikupaswa kulitoa, na nimeamua kulitoa. Katika mfuko ule ule ulioleta barua yako kulikuwa na nyingine kutoka Thika, ya penseli, herufi kubwa zinazopanda juu kuelekea pembeni ya karatasi, na mwandishi anasema ndiyo barua yake ya kwanza tangu azaliwe. Hakukusema vibaya. Hakuniuliza kama arudi au asirudi. Ameniuliza jambo moja, kama mimi kwa kazi yangu naweza kujua kutoka kwa watu wa Ruiru yule baba wa mtoto wake anakula nini siku hizi, kwa maana hajui hata chumvi inakaa wapi. Nimemwandikia kwamba jibu linakuja lenyewe na treni ya Jumamosi. Zacharia, usinifanye mwongo.